Mishipa ya moyo na kisukari: tiba ya haraka si lazima iwe bora

BUJUMBURA – Mfanyabiashara wa Buyenzi anayefuata mzigo Kariakoo kupitia Kobero huhesabu siku. Akiwa na kisukari, kisha akaambiwa mishipa ya moyo wake imeziba, huuliza kwanza: nitarudi kazini lini?

Kwa swali hilo, stenti hushinda. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au paja, huzibua palipoziba na kuacha humo kineli kidogo cha waya. Mgonjwa huweza kuruhusiwa baada ya siku chache. Upasuaji wa kupandikiza mishipa ni mzito zaidi: kifua hufunguliwa na damu hutengenezewa njia mpya inayozunguka palipoziba. Kupona huchukua wiki nyingi, na kubeba mizigo husubiri.

Lakini hesabu ya miaka huleta jibu jingine. Utafiti wa FREEDOM, uliochapishwa 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,900 wa kisukari wenye zaidi ya mshipa mmoja ulioziba. Baada ya miaka 5, kati ya kila 100 waliowekewa stenti, takriban 16 walikuwa wamefariki. Kwa waliopasuliwa, 11. Waliopata shambulio la moyo walikuwa 14 kwa 6. Upasuaji ulizidiwa kwenye kiharusi tu: 5 dhidi ya 2.

Sababu ni kwamba kisukari huharibu mshipa sehemu nyingi. Stenti hutibu sehemu moja, ilhali njia mpya huruka eneo lote bovu. Hata hivyo, mshipa ulioziba ukiwa mmoja, au mgonjwa akiwa dhaifu mno kupasuliwa, stenti yaweza kufaa zaidi.

Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hutoa tiba zote mbili. Kabla ya kulipa, muulize daktari: mishipa mingapi imeziba? Je, daktari wa stenti na wa upasuaji wameshauriana? Gharama za dawa na kurudi kliniki ni kiasi gani? Aliyewekewa stenti hapaswi kukatiza dawa za kuzuia damu kuganda bila ruhusa ya daktari. Asivuke mpaka bila akiba ya kutosha.

Tahadhari moja zaidi: kisukari huweza kuficha maumivu ya kifua. Kukosa pumzi, jasho la ghafla au uchovu usio wa kawaida usisingiziwe safari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, mzigo utangoja.