Gia za Volkswagen Beetle zikigoma, usikimbilie kununua giaboksi

Mtu akinunua Volkswagen Beetle ya zamani, ile ya mgongo wa kobe, na gia zikawa zinagoma, mara nyingi huambiwa gereji kwamba giaboksi imekufa. Hapo huanza safari ya kutafuta giaboksi iliyotumika, pengine hadi nchi jirani, na gharama za kuisafirisha na kuilipia ushuru. Kumbe kasoro inaweza kuwa bushi ya plastiki iliyolika, au bolti mbili zilizolegea chini ya leva ya gia.

Gari hili si geni kwetu. Lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo mbio hizo zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ujerumani iliacha kuliunda mwaka 1978 na Mexico mwaka 2003, lakini spea zake mpya bado zinatengenezwa.

Injini na giaboksi za Beetle ziko nyuma, leva ya gia iko mbele kati ya viti. Vinaunganishwa na fimbo ndefu ya chuma inayopita ndani ya mfereji wa katikati ya chesisi. Fimbo hiyo huongozwa na bushi ya plastiki, na mwisho wake hushikana na giaboksi kwa kiungio kilichoko chini ya kiti cha nyuma. Bushi ikilika, leva hulegea na kupiga kelele, na gia hazipatikani kwa urahisi.

Kabla ya kugusa leva, kagua klachi. Pedali iwe na nafasi ya milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuwa nzito. Ikizidi hapo, klachi haiachii vizuri na gia zitakwaruza, hasa rivasi, hata fimbo ikiwa nzima kabisa. Waya wa klachi hurekebishwa kwa nati iliyoko kwenye mkono wa klachi pembeni mwa giaboksi.

Sasa zima injini, vuta breki ya mkono na uzuie magurudumu kwa mawe. Chora kwa chaki kuzunguka kitako cha leva, ili ukikosea uweze kurudi ulikotoka. Legeza bolti mbili za kitako kwa spana namba 13, lakini usizitoe. Kanyaga klachi, ingiza gia namba mbili, kisha sogeza kitako kidogo kidogo mbele au nyuma mpaka leva isimame wima ukiitazama kutoka mbele, huku imelala kidogo kuelekea nyuma. Kaza bolti.

Chini ya kitako kuna bamba dogo la chuma, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Rivasi ya Beetle iko jirani na namba mbili: unabonyeza leva chini, unaipeleka kushoto, halafu nyuma. Bamba hilo ndilo linalozuia rivasi isiingie bila leva kubonyezwa. Likikaa vibaya, dereva anayetoka namba moja kwenda mbili anaweza kugonga rivasi gari likiwa mwendoni. Kwa hiyo jaribu gia zote nne injini ikiwa imezimwa, kisha jaribu rivasi bila kubonyeza. Ikikubali, legeza tena na usogeze bamba kushoto au kulia. Ukilitoa, angalia upande uliokuwa juu na ulirudishe vilevile.

Kama marekebisho hayo hayatoshi, inua kiti cha nyuma. Betri iko hapo hapo, kwa hiyo toa kwanza waya wa hasi. Fungua kifuniko kidogo juu ya mfereji utaona kiungio. Mpira wake ukiwa umeoza au umelegea, badilisha. Skrubu inayokishika kwenye giaboksi lazima ikae sawasawa katika kishimo chake na ifungwe kwa waya isijifungue, maana ikichomoka unabaki bila gia hata moja. Karibu na hapo imegongwa namba ya chesisi. Inakili na uitaje unapoagiza spea, kwani viungio vya miaka tofauti havifanani.

Bushi ya fimbo hubadilishwa kupitia tundu la leva. Kazi yenyewe inachosha vidole, ndiyo maana mafundi wengine huikwepa. Ipake grisi kabla ya kurudisha fimbo.

Angalia pia mipira inayoshikilia giaboksi. Ikikatika, giaboksi huhama gari linapovuta na gia huchomoka. Mipira ikiwa mizima, fimbo imerekebishwa, na bado gia moja ile ile inachomoka kila unapopanda mlima, basi ubovu umo ndani ya giaboksi. Kama hujalipa bado, ondoa gharama hiyo kwenye bei ya gari.