Mbuzi, Mgunga na Kisima Kisichokauka

Mbuzi amesingiziwa mengi Turkana. Miti ikipungua, lawama ni zake. Ardhi ikibaki kipara, ni yeye. Lakini mwaka 1995 watafiti Robin Reid na James Ellis walieleza kuwa kusini mwa Turkana miche ya mgunga ilikuwa ikiota kwa wingi ndani ya mazizi yaliyohamwa. Mifugo hula maganda yaliyoanguka, mbegu ngumu hupita tumboni salama na kutoka na kinyesi. Familia ikishahama, samadi inabaki, nene, yenye rutuba, ikishika unyevu wa zile mvua chache.

Sharti ni familia ihame. Zamani madimbwi yakikauka mifugo iliondoka, na nyasi zikapata nafasi ya kurudi. Kisima kirefu cha pampu hakikauki upesi hivyo, kwa hiyo mifugo haiondoki. Ukikikaribia unaona nyasi zinapungua, kisha vichaka, mwishowe vumbi tupu. Kwato zimeushindilia udongo, na mvua ikinyesha maji yanateleza juu badala ya kuzama.

Maji mengi yanayozama jangwani huzama kwenye mchanga wa mito ya msimu, baada ya mafuriko. Wakati wa kiangazi wafugaji huchimba humo. Shimo likienda chini mno, mmoja husimama ndani na kumpokeza mwenzake chombo. Migunga ya kingoni hunywa maji hayohayo kwa mizizi yake. Ndiyo maana Waturkana wana ekwar, sehemu ya ukingo ambayo miti yake ina wenyewe. Mgeni hupeleka mifugo kwa ruhusa.

Ruhusa hiyo haikuweza kumzuia mathenge. Mti huu wa kigeni ulipandwa kaskazini mwa Kenya miaka ya 1980 kuzuia jangwa, na mbuzi akausambaza kwa njia ileile anayosambazia mgunga. Sasa umesonga kingo za mito, nao hunywa maji ya chini ya ardhi bila kumwuliza mtu.

Baadhi ya visima vya kaskazini hufungwa nyakati za neema na kufunguliwa ukame ukibana, na huo kwangu ndio mpango wenye akili. Pampu ya dizeli ilisaidia: mafuta ni ghali, hakuna aliyeiwasha bure. Pampu za sola zinazochukua nafasi yake hazidai mafuta, na kamati ya kisima inahitaji sababu nyingine ya kuzizima.