Je, Wajua? Mzaliwa wa Kinshasa Aliyeizima Ohio State

Mojawapo ya mechi kubwa za futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani iliamuliwa na mzaliwa wa Kongo. Tarehe 25 Novemba 1995, mjini Ann Arbor, Tshimanga Biakabutuka, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1974 na kulelewa Kanada, aliibebea timu ya Chuo Kikuu cha Michigan mpira kwa yadi 313, na Ohio State, ambayo ilikuwa haijashindwa msimu mzima, ikalala kwa 31-23.

Yadi hizo ni takribani mita 286, yaani karibu urefu wa viwanja vitatu vya kandanda, na zote zilipatikana huku mabeki wakiruhusiwa kumkamata na kumbwaga chini. Katika mchezo huu, ambao mpira wake wenye ncha mbili hubebwa mikononi, timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Biakabutuka alikabidhiwa mpira mara 37, na kwa wastani kila mara alisogea yadi 8 na nusu: jaribio moja lilikaribia kumaliza kazi ya manne!

Msimu huo alifikisha yadi 1,818, rekodi mpya ya Michigan.

Waliofaidika zaidi hawakuwapo uwanjani. Kushindwa kwa Ohio State kuliipa timu ya chuo kikuu kingine, Northwestern, nafasi ya kucheza Rose Bowl, mechi ya heshima ya Mwaka Mpya, ambayo haikuwa imeicheza tangu 1949.