Uso wa Saa ya Kale

Mtu anayekusudia kununua saa ya mkononi ya kale, iliyoundwa Uswisi kabla yeye hajazaliwa, aghalabu husoma kwanza jina lililoandikwa juu yake, kisha huitia sikioni apate kusikia mwendo wake. Nami kwa mapenzi niliyo nayo kwa saa hizi namsihi kwamba, kabla ya hayo yote, autazame uso wake, tena autazame mchana na gizani.

Mitambo ina dawa. Kamani ikikatika hutiwa nyingine, mafuta yakikauka husafishwa yakatiwa mapya, na fundi hodari akipewa muhula wa kutosha huirejesha saa katika mwendo wake. Lakini uso uliokwisha kupakwa rangi upya haurudi katika asili yake abadani, na thamani huondoka nao. Saa ya Rolex Daytona ambayo mwigizaji Paul Newman alipewa na mkewe, Joanne Woodward, iliponadiwa New York mwezi wa Oktoba 2017, ilifika zaidi ya dola milioni 17, ilhali ni ya chuma wala si ya dhahabu: kilichonunuliwa ni jina la mtu aliyeivaa na uso ule usioguswa.

Habari ya giza ni hii. Hapo zamani nambari na akrabu zilipakwa radiamu ili zing'ae usiku, na wanawake wa viwanda vya New Jersey waliokuwa wakichonga ncha za brashi kwa midomo yao walipatwa na maradhi mazito, wengine wakafa. Katika miaka ya 1960 ikaenea tritiamu, isiyo na madhara makubwa kama hayo, ambayo alama yake ni herufi T ndogo kandokando ya neno linaloitaja Uswisi, chini ya nambari 6. Tritiamu hupoteza nusu ya nguvu zake kila miaka 12 na kitu. Basi ukiimulika saa ya mwaka 1965 kwa taa, kisha ukazima, nayo ikaendelea kung'aa kwa muda mrefu mithili ya mpya, yakini rangi ile si ya zama zake. Ya radiamu nayo haing'ai tena, lakini sumu yake ingalimo, kwa hiyo usiifungue wala usiikwangue.

Hadaa kubwa zaidi hufuata heshima. Sultani Qaboos bin Said wa Omani alikuwa akiwatunukia watu saa zenye nembo ya dola yake usoni, jambia juu ya panga mbili zilizopishana, na nyingi zilipitia duka la Asprey la London. Na kwa kuwa nembo ile huipandisha bei maradufu, wapo waghushi wanaoichapa juu ya nyuso za kawaida. Muuzaji asiyeweza kueleza saa imetoka mikononi mwa nani, wala hana hati, mwachie saa yake.



Na siku utakapoipeleka saa yako ya kale kwa fundi, mwambie asiusugue uso, asiling'arishe kasha hata pembe zake zikalika, na kila kipande akitoacho akurudishie. Tena mwombe ayaandike hayo katika stakabadhi kabla hujamkabidhi saa.