Kutua Baharini: Jaketi la Kuokolea na Mfuatano wa Vitenzi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ndege iliyozimikiwa na injini inavyotua majini, na kwa nini uhai wa abiria hutegemea mfuatano wa vitenzi viwili: kuvaa na kujaza.

Avukaye kutoka Shimoni hadi Wasini akivishwa jaketi la sponji, jaketi hilo huelea lenyewe. Amri moja, vaa, hutosha. La ndege ni jingine: hukaa likiwa tupu chini ya kiti, na hujazwa hewa kwa kuvuta kamba. Anayelijua la mashua pekee aweza kudhani analijua na hili.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika tarehe 23 Novemba 1996 huko Ngazija. Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, iliyotoka Addis Ababa kuelekea Nairobi, ilitekwa na watu watatu waliotaka ipelekwe Australia. Mafuta yakaisha, injini zote mbili zikazimika. Ifahamike kwamba ndege ya namna hiyo haianguki kama jiwe. Huteleza hewani huku ikishuka. Ili itue salama majini, mbawa sharti ziwe sawasawa, pua iinuke kidogo, magurudumu yasitolewe na kasi ipunguzwe iwezekanavyo. Rubani Leul Abate aliyajaribu hayo karibu na ufuo wa Mitsamiouli huku akipambana na watekaji. Upande wa kushoto ukagusa maji kwanza, ndege ikavunjika. Wenyeji, ambao Kingazija chao ni jamaa ya Kivumba cha Wasini, waliwahi kwa mashua pamoja na watalii. Kati ya watu 175, walifariki 125, akiwemo mpigapicha Mkenya Mohamed Amin.

Lakini si wote waliouawa na kishindo. Kuna abiria waliojaza jaketi zao wakiwa ndani. Maji yalipoingia, jaketi ziliwainua hadi darini, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. (Katika mto Hudson, New York, tarehe 15 Januari 2009, ndege ilitua mbawa zikiwa sawa, ikabaki nzima, na watu wote 155 wakaokoka.)

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Tangazo lisemalo "vaa jaketi na ulijaze hewa" ni sahihi kisarufi, ila ni la hatari, kwa kuwa "na" huunganisha vitendo bila kusema abiria awe wapi. "Vaa sasa, usijaze kabla hujatoka mlangoni" ni bora zaidi. Kiambishi -ja- cha ukanushi hubeba maana ya jambo linalotarajiwa ila halijatimia, hivyo humkumbusha msikilizaji kwamba yungali ndani. "Kabla ya kutoka" haina nguvu hiyo. Kwa abiria wa Pwani, aliyezoea mashua, tangazo lingefaa kuanza kwa kueleza kwamba jaketi hili haliko kama lile la sponji.