Mali Bila Daftari: Jinsi ya Kuzipiga Picha Sarafu za Kale

Katika nyumba nyingi za maafisa na askari wa vyeo vyote, wa jeshi na wa polisi, zimo sarafu za kale zilizorithiwa kutoka kwa wazee. Nyingine zimefungwa katika kitambaa. Nyingine zimo katika kopo pamoja na nishani za babu aliyetumikia King's African Rifles. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sarafu haina namba kama bunduki, wala haina kitambulisho kama askari. Siku inapoibwa, mwenyewe hufika kituoni na kusema tu kuwa amepoteza shilingi ya zamani. Askari wa zamu atatafuta nini kwa maneno hayo? Picha iliyo wazi ndiyo kitambulisho cha sarafu, nayo yaweza kupigwa nyumbani kwa vifaa vya kawaida.

THAMANI I KATIKA ALAMA NDOGO

Yafaa kwanza ieleweke picha hiyo inapaswa kuonyesha nini. Chukueni shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Ile ya 1946 ina fedha kiasi cha robo. Ile ya 1948 ni shaba iliyochanganywa na nikeli, haina fedha kabisa. Kwa jicho la haraka ni mapacha, na mwaka huzitenganisha. Chukueni pia senti kumi yenye tundu ya mwaka 1936, iliyoandikwa jina la Mfalme Edward wa Nane, ambaye alijiuzulu Desemba ya mwaka huo huo. Baadhi ya sarafu hizo zina herufi H au KN, alama za viwanda vilivyozifua huko Uingereza. Nyingine hazina herufi yoyote.

Ziko na sarafu zilizozaliwa vitani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Kiingereza ziliwafungia Wajerumani njia ya bahari, nao wakalazimika kufua sarafu zao wenyewe mjini Tabora mwaka 1916, kabla ya mji huo kutekwa na majeshi ya Kibelgiji mwezi wa Septemba. Mojawapo ni rupia kumi na tano ya dhahabu, yenye tembo mbele ya mlima, na herufi T ya Tabora. Herufi moja kama hiyo ikifichwa na mng'ao wa taa, picha haina faida.

MWANGA MKALI NI ADUI

Uso wa sarafu hufanya kazi kama kioo. Taa ya kamera ikimulika moja kwa moja, sehemu moja humeta weupe mtupu na sehemu nyingine huzama gizani. Jua la adhuhuri hufanya vivyo hivyo. Lakini siku ya mawingu vivuli huwa laini, kwa sababu wingu limeutawanya mwanga. Kazi yetu basi ni kutengeneza wingu dogo juu ya meza.

Twaa dumu jeupe la plastiki la maziwa, ukate kitako na shingo, kisha ulisimamishe kuizunguka sarafu. Weka taa ya meza nje ya dumu, nawe upige picha kwa kupitia tundu la juu. Asiye na dumu na atundike karatasi nyeupe nyembamba kati ya taa na sarafu, mbali na balbu ili isiungue. Upande wa pili asimamishe karatasi nyingine nyeupe, irudishe mwanga penye kivuli.

Taa ikishushwa, vivuli hurefuka na maandishi yaliyochakaa huanza kusomeka. Ikiinuliwa, uso wote huangazwa sawasawa. Sogeza taa polepole, utazame, kisha uchague. Zima taa nyingine za chumbani na ufunge pazia, kwani mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa balbu huipotosha rangi ya madini.

Lenzi na itazame chini wima. Ikiinama, sarafu huonekana kama yai. Kamera au simu iegemee juu ya vitabu vilivyopangwa pande mbili, na saa ya kujipigia itumike ili mkono usiitikise. Simu isikaribie mno, maana kivuli chake chenyewe kitaanguka juu ya sarafu. Chini tandika karatasi ya kijivu, na kando uweke rula ili ukubwa ujulikane.

USIISUGUE

Sisi askari tumefunzwa kung'arisha kila kilicho cha shaba: vifungo, beji na mkanda. Hapa amri hiyo haitumiki. Sarafu ikisuguliwa kwa dawa ya kung'arishia, ngozi yake ya asili huondoka na haitarudi. Thamani yake nayo hushuka, kwani wakusanyaji hulitambua kosa hilo mara moja. Ishike ukingoni kwa vidole vikavu, juu ya kitambaa kilichokunjwa, ili ikianguka isipate jeraha.

Piga pande zote mbili na ukingo. Mikwaruzo usiione haya. Sarafu mbili zilizotoka katika kiwanda kimoja mwaka mmoja hutofautiana kwa majeraha yao, kama watu wanavyotofautiana kwa alama za vidole. Andika mwaka, herufi, uzito na jina la mzee aliyeiacha. Nakala ya picha iwekwe nyumba nyingine, kwa ndugu mwaminifu, maana mwizi akichukua simu pamoja na kopo, vyote vimekwenda. Wala picha hizo zisitawanywe ovyo kwa watu; kutangaza hazina ni kumwelekeza mwizi njia.

Njia hii yafaa pia kwa nishani. Twawahimiza maafisa na askari wote watenge saa moja ya mapumziko, waifanye kazi hii wangali na mali mikononi. Mlalamikaji mwenye picha humpa mpelelezi kitu cha kutafuta, nayo sarafu ikionekana sokoni, mwenyewe ataweza kuthibitisha kwamba ni yake.