Salem, mji wa wachawi wasiokuwa wachawi

Msikilizaji, nilipokuwa mtoto, bibi yangu akisema merikani hakuwa na maana ya nchi. Alikuwa na maana ya kitambaa: pamba nzito isiyotiwa rangi, inayodumu kuliko aliyeivaa. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba jina hilo lilitokana na meli za Wamarekani zilizoleta nguo hizo Unguja, na kwamba nyingi kati ya meli hizo zilitoka katika mji mmoja mdogo uitwao Salem. Basi nilipopata nafasi ya kuwa Boston mwezi wa Oktoba, nikapanda treni. Ni safari ya nusu saa hivi kuelekea kaskazini.

Nilikwenda kutafuta merikani. Nikapokewa na wachawi.

Barabara zilijaa watu wenye kofia nyeusi zenye ncha. Magari ya polisi yamechorwa mchawi amepanda ufagio. (Wa kwetu husafiri kwa ungo, kila nchi na usafiri wake.) Maduka yanauza mifagio, mishumaa na bao za ramli. Oktoba ya mwaka 2022 peke yake, wageni walipita milioni moja, katika mji wenye wakazi wapatao 44,000. Ushauri wangu kwa atakayekwenda: nenda mwezi wa Mei. Oktoba utalipa chumba kwa bei ya kukutoa machozi, na chakula utakipangia foleni.

Nilichokifuata nilikipata, ila nilikuwa karibu peke yangu. Jumba la makumbusho la Peabody Essex limetokana na chama cha manahodha wa Salem kilichoundwa mwaka 1799. Sharti la kuingia katika chama hicho lilikuwa mtu awe ameizunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Hao ndio waliofungua njia ya kuja kwetu. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, mzaliwa wa Salem, alifika Unguja. Zikaja nguo, zikaenda pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wamarekani, 1861 hadi 1865, vilikatiza pamba, na wafanyabiashara wa Bombay wakaingia na nguo zao. Jina tu ndilo lililobaki kwetu.

Sasa, hao wachawi.

Mwaka 1692, katika kijiji cha Salem, ambacho leo huitwa Danvers, wasichana wawili wa nyumbani kwa mchungaji walianza kupata vifafa visivyoeleweka. Wakabanwa waseme nani amewaroga. Wa kwanza kutajwa walikuwa wanawake watatu: mmoja mtumwa, Tituba, mmoja fukara mwenye kuombaomba, mmoja mgonjwa asiyekwenda kanisani. Ona jinsi walivyochaguliwa.

Mahakama ilikubali ushahidi wa ajabu. Mtu aliweza kusema: usiku roho yako ilikuja kunikaba. Utajiteteaje? Ukisema ulikuwa umelala kwako, na mume wako shahidi, unajibiwa kwamba mwili ndio uliolala. Tena aliyekiri aliachwa hai, lakini alitakiwa ataje wenzake; aliyekana alihukumiwa kunyongwa. Kwa hiyo mwongo alisalimika, msema kweli akafa, na orodha ikazidi kurefuka mpaka walioshitakiwa wakapita 150. Miongoni mwao alikuwa mtoto wa miaka minne au mitano aliyetiwa gerezani.

Bibi Rebecca Nurse alikuwa na miaka 71. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia. Wasichana wakapiga mayowe, baraza likarudishwa kufikiri upya. Aliulizwa swali akanyamaza, na kimya chake kikahesabiwa hatia. Baadaye alieleza kwamba hasikii vizuri na alikuwa amejawa na huzuni. Alinyongwa Julai 19. Kwa jumla walinyongwa 19, na mzee Giles Corey, wa miaka 80 hivi, aliyekataa kujibu shitaka, alilazwa chini akarundikiwa mawe mpaka akafa.

Msikilizaji wa Shinyanga au Geita hahitaji kuambiwa zaidi. Tumewazika vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, nasi tunajua fika kwamba macho hayo yamechomwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe wanachopikia. Sheria ya uchawi tunayo tangu mwaka 1928. Mpiga ramli naye, kama wale wasichana, hadaiwi ushahidi. Hutaja tu, na siku zote humtaja mjane, si tajiri wa kijiji.

Karibu na makaburi ya zamani ya Charter Street kuna ukumbusho uliofunguliwa mwaka 1992. Hakuna kiingilio. Ni ua mdogo wenye ukuta wa mawe, na kutoka ukutani yamechomoza mawe 20 mfano wa mabenchi, kila moja na jina, siku na namna ya kufa. Chini, mlangoni, yamechongwa maneno ya washitakiwa wakilia kwamba hawana hatia, na ukuta unayakata katikati ya sentensi. Kijana mwenye kofia ya kichawi alikuwa ameketi juu ya jiwe mojawapo akila chipsi. Simlaumu, limefanana na benchi. Ng'ambo ya ukuta huo amezikwa John Hathorne, mmoja wa mahakimu.

Jaji mwenzake, Samuel Sewall, aliomba radhi hadharani kanisani mwaka 1697. Mwaka 1711 familia nyingi zililipwa fidia. Lakini mwanamke mmoja, Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa kifo akasamehewa kunyongwa, jina lake lilisahauliwa katika kila orodha ya waliosafishwa. Lilisafishwa mwaka 2022 na bunge la jimbo. Waliolipeleka huko ni wanafunzi wa darasa la nane na mwalimu wao.